Domeni Yako Imeandikwa kwa Jina la Nani?

Kila wiki naletewa ujumbe wa aina moja inboksi. "Kaka, nataka kufungua tovuti, wapi bei nafuu?" Wa kwanza anauza madera, wa pili ana boti la kupeleka wageni Manda Toto, wa tatu ni binti anayechora hina na ana wafuasi wengi kuliko mimi. Wote wanaanza na bei. Mimi nami huwarudishia swali moja, na wengine hununa: hiyo domeni itaandikwa kwa jina la nani?

Sikatai, bei ni bei. Mwezi wa tano kusi ikivuma na wageni wameondoka, shilingi elfu moja ni pesa. Lakini kwa domeni ya kawaida, tofauti kati ya msajili huyu na yule ni chakula cha mchana cha siku mbili tatu. Tofauti ya jina kuwa lako au kuwa la mtu mwingine ni biashara nzima.

Wengi tunadhani tovuti ni kitu kimoja unachonunua dukani, kama friji. Ni vitu viwili, na kwa sababu huuzwa kwa pamoja, ule mstari wa katikati hauonekani. Kuna jina, yaani domeni, lile linaloishia .com au .co.ke. Halafu kuna mahali faili zako zinapokaa: kompyuta ya watu, seva, inayowaka usiku na mchana, nawe unailipia kodi kwa mwezi au kwa mwaka. Seva unapanga tu. Ukichoka na mwenye nyumba unafunga virago, na ndani ya siku moja mbili wageni wako wanaingia kwenye seva mpya bila hata kujua umehama. Jahazi likitoka Lamu likaenda kutia nanga Mombasa halibadilishi mwenyewe. Lakini jina likienda, kila kadi uliyochapisha, kila kibao ulichopaka rangi pale gatini, kila mtu aliyekuandika kwenye daftari lake la safari, wote wanaelekea kwa mtu mwingine.

Nimemwomba shangazi ruhusa niandike hili, akakubali mradi nisitaje jina la nyumba. Ana nyumba ya wageni huku Mkomani, vyumba sita, nyumba ya mawe ya wazee wetu yenye zidaka za zamani ukutani. Mwaka 2018 kijana mmoja alimtengenezea tovuti. Kijana mzuri, mtoto wa watu tunaowajua, na kazi yake ilikuwa safi kabisa: picha za darini jua linapozama, bei kwa dola na yuro, fomu ya kuweka chumba. Shangazi akamlipa, akapewa karatasi yenye nenosiri la barua pepe, basi. Hakuuliza zaidi. Nani angeuliza? Huku kwetu kumwambia mtoto wa jirani "nionyeshe hati" ni sawa na kumwita mwizi mbele ya mamake.

Kijana alisajili domeni kwa akaunti yake mwenyewe, kwa barua pepe yake, pamoja na za wateja wake wengine. Alifanya hivyo kwa sababu ni rahisi. Kila mwaka shangazi anamtumia pesa kwa M-Pesa, yeye analipia, mambo yanaenda. Kisha akapata kazi Doha. Namba yake ya Kenya ikazima. Notisi za kulipia zikaendelea kuingia kwenye barua pepe aliyokuwa haisomi tena, na shangazi hakuiona hata moja, kwa sababu kwenye rekodi za msajili shangazi hayuko. Kwa msajili, mwenye jina ni yule kijana. Mwanamke aliyelilipia miaka yote hiyo ni mpita njia.

Siku aliponiita aliniambia tu, "Ndoo, mwanangu, ndoo utezame," akanipa simu. Jina la nyumba ya babu yake liko juu pale pale, na chini yake matangazo ya kamari yanawaka taa kama harusi. Huyu ni mtu ambaye hata bahati nasibu ya kushinda baiskeli hashiriki. Akaniuliza kama wageni wake wa Uholanzi, wanaokuja kila Januari, watadhani ni yeye. Nikanyamaza.

Na kamari haikuwa hata hasara kubwa zaidi. Anwani yake ya barua pepe ilikuwa kwenye domeni hiyo hiyo, kwa hivyo tangu jina lilipokatika hakuna barua iliyomfika. Wale Waholanzi waliandika mara mbili, wakakosa jibu, wakachukua nyumba Shela. Tulijua hayo tulipokutana nao barabara ya ufukweni, ana kwa ana, aibu pande zote mbili.

Simwiti kijana mwizi. Nilimpata baadaye kupitia nduguye na alisikitika kikweli, lakini hakuwa na la kufanya, jina lilikwisha chukuliwa. Domeni ya .com ikiisha muda haifi siku ile ile. Kwa kawaida msajili anaweza kukuachia mpaka siku 45 uilipie. Akiifuta, kuna siku 30 za kuikomboa kwa ada kubwa zaidi. Halafu siku 5 ambazo hakuna anayeweza kuigusa, na baada ya hapo yeyote duniani anaichukua. Wapo watu kazi yao ni kungoja hapo na programu zinazonasa jina sekunde linapoachiliwa, hasa jina lililokuwa na wageni kwa miaka, maana wageni hao wataendelea kuja na huyo mpya atawaonyesha anachotaka yeye.

Je, huwezi kulipigania? Unaweza. Tangu 1999 kuna utaratibu wa usuluhishi chini ya ICANN, lile shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani. Unatakiwa uonyeshe kwamba una haki ya alama ya biashara juu ya jina hilo na kwamba mwenzako amelichukua kwa nia mbaya, na ukipeleka kesi WIPO kule Geneva ada inaanzia dola 1,500. Kwa jina ambalo kulilipia ni dola kumi na kitu kwa mwaka. Shangazi alipigia hesabu mara moja tu, akafunga kikokotoo.

Kinachonishangaza ni kwamba haya yatupate sisi, watu wa Lamu. Watu wa visiwa hivi wamelima na kujenga vizazi kwa vizazi bila hati ya ardhi, na hakuna mtoto wa hapa ambaye hajasikia wazee wakizungumza juu yake barazani. Tunajua vizuri mno kinachotokea siku mtu anapokuja na karatasi na wewe huna. Lakini mwambie mtu huyo huyo asajili tovuti, atakwambia, "Ah, hayo ya kompyuta nimemwachia kijana."

Kwa hivyo ninapozungumzia msajili wa kuaminika, kipimo changu cha kwanza ni hiki: je, ananiruhusu kufungua akaunti kwa jina langu, barua pepe yangu na namba yangu ya simu, na je, naweza kuondoka na jina langu siku nitakayotaka? Fundi wako mpe ruhusa ya kuingia afanye kazi, akimaliza badilisha nenosiri. Na hiyo barua pepe ya akaunti isiwe ile ya kwenye domeni yenyewe. Fikiria: domeni ikikatika, barua ya kukuonya imekatika pamoja nayo.

Majina yanayoishia .ke yanasimamiwa na KeNIC. KeNIC haikuuzii wewe moja kwa moja, unapitia kwa wasajili waliopewa idhini, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya KeNIC. Anzia hapo, usianzie kwenye tangazo la Facebook. Kuna .co.ke ya biashara, .or.ke ya mashirika yasiyotafuta faida, na kuna .me.ke ya mtu binafsi. Nyinyi wachora hina, wapiga picha na wasomaji wa mashairi, hiyo ni yenu na wengi hamjui hata kama ipo. Tangu 2017 unaweza pia kuchukua .ke tupu, bila herufi za katikati, ingawa bei yake huwa juu zaidi. Napenda .ke kwa sababu ya kawaida kabisa: nalipa kwa M-Pesa, na kukiwa na ugomvi kuna ofisi Nairobi ninayoweza kuipigia simu bila kueleza kwanza Lamu iko bara gani.

Kwa .com mambo ni marefu kidogo. Msajili halisi lazima awe ameidhinishwa na ICANN, na wengi wanaotuuzia huku ni madalali wa msajili wa nje. Udalali si dhambi, hata boti la Mokowe lina dalali. Ila mjue msajili aliye nyuma yake, kwa sababu dalali akifunga duka huyo ndiye utakayemkimbilia. Hata huhitaji kumwuliza mtu. Ingia lookup.icann.org, andika domeni yako, utaona msajili ni nani na muda unaisha tarehe ngapi. Jina la mwenyewe mara nyingi utalikuta limefichwa, tangu sheria ya faragha ya Ulaya ilipoanza kutumika 2018, kwa hivyo hilo la nani mwenyewe itabidi uliangalie ndani ya akaunti. Kama huna akaunti ya kuangalia, basi jibu umeshalipata.

Kuna wanaoniambia, "Bro, si kuna za bure?" Zilikuwepo. Kampuni ya Freenom ya Uholanzi ilikuwa ikigawa domeni za .tk, .ml, .ga, .cf na .gq bila hata senti, na vijana wengi walianzia hapo. Matapeli nao walianzia hapo. Machi 2023 Meta ikaishtaki, ikasimamisha usajili mpya, na Februari 2024 ikatangaza kwamba inatoka kabisa kwenye biashara ya domeni. Katikati ya hayo Gabon ikachukua tena .ga yake na mamilioni ya majina ya bure yakafutwa. Hukulipa kitu, na masharti yao yalikuwa wazi kwamba wanaweza kulichukua. Sasa utamlalamikia nani?

Ukubwa wa kampuni nao haukuhakikishii kitu. Google ilikuwa na huduma yake ya domeni, watu wakaingia kwa sababu ya jina, na mwaka 2023 ikauza wateja wote kwa Squarespace. Waliolala wakiwa wapangaji wa Google wakaamka kwa mwenye nyumba mwingine. Lakini wale waliosajili kwa majina yao wenyewe hawakuwa na la kuogopa: aliyeridhika akabaki, asiyeridhika akaomba ile namba ya siri ya kuhamishia, wengine huiita EPP, akaenda zake. Kwa .com kanuni ya ICANN inamtaka msajili akupe namba hiyo ndani ya siku 5. Kitu pekee cha kukumbuka ni kwamba domeni mpya kwa kawaida huwezi kuihamisha siku 60 za mwanzo.

Tuje kwenye seva. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ndipo wanapotupigia kelele nyingi zaidi. "Nafasi bila kikomo!" Hakuna diski isiyo na kikomo duniani. Soma masharti, utakuta kikomo kimeandikwa mahali pengine, kwenye idadi ya faili au kwenye nguvu ya kompyuta unayoruhusiwa kutumia. "Tuko hewani asilimia 99.9!" Vizuri, lakini piga hesabu: ile 0.1 iliyobaki ni saa 8 na dakika 45 hivi kwa mwaka, na hakuna anayekuahidi kwamba hazitaangukia wiki ya Maulidi. "Lipia cheti cha SSL elfu kadhaa!" Hicho cheti kinachoweka alama ya kufuli kwenye anwani yako kinatolewa bure na Let's Encrypt tangu mwisho wa 2015, na kwa tovuti ya vyumba sita kinatosha kabisa. Anayekuuzia kwa bei ya mbuzi anajua hujui. Halafu bei ya mwaka wa kwanza. Hiyo ni chambo. Uliza ya mwaka wa pili, na uipate kwa maandishi.

Seva yenyewe kwa kuanzia itakuwa ya kushirikiana, na hakuna ubaya. Ni kama nyumba ya kupanga yenye choo kimoja: jirani mmoja akijifungia ndani, wote mnangoja. Ukiona tovuti inakuwa nzito saa fulani kila siku, pengine si wewe, ni jirani. Mtoa huduma mzuri atakwambia hivyo na kukuhamishia seva nyingine. Mbaya atakwambia ununue kifurushi kikubwa.

Seva iwe Kenya au nje? Hapa uzalendo weka kando kwanza, uliza wasomaji wako wako wapi. Kabla KIXP haijaanza Nairobi mwaka 2000, barua pepe ya mtu wa Nairobi kwenda kwa mwenzake wa Nairobi ilikuwa ikizunguka ng'ambo kwanza ndipo irudi. (Ikafungwa muda mfupi baadaye kwa mzozo wa leseni, ikarejea 2002. Kenya yetu.) Siku hizi tovuti iliyo kwenye seva ya Nairobi inamfikia mtu wa Langoni bila kuvuka bahari. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari upande wa kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ikawa nzito kwa siku kadhaa, na kilichokuwa nyumbani kilikuwa na nafuu. Kwa hivyo muuza madera, wateja wako wakiwa Lamu, Malindi na Mombasa, seva ya hapa inakufaa. Shangazi, ambaye wageni wake wanaweka chumba wakiwa Amsterdam na Milan, nilimshauri ya Ulaya. Na popote itakapokuwa, punguza ukubwa wa picha zako jamani. Picha ya megabaiti sita haitafunguka Kizingitini hata seva ikae juu ya mnazi wa pale pale.

Jambo la mwisho kwenye seva ni nakala za akiba, na hapa usimwamini mtu yeyote kwa asilimia mia, hata anayestahili. Machi 10, 2021, kituo cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto usiku na jengo moja zima likateketea. OVHcloud ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za Ulaya. Kuna wateja waliokuwa na nakala zao za akiba, na nakala zenyewe zilikuwa pale pale Strasbourg. Kwa hivyo uliza nakala zinachukuliwa mara ngapi na zinakaa wapi, kisha wewe mwenyewe kila mwezi shusha yako uiweke kwenye simu ya zamani, kwenye flashi, popote ambapo si kwao. Tovuti ndogo nzima, pamoja na picha, mara nyingi ni nyepesi kuliko video moja ya harusi.

Ukiwa na majina mawili matatu ya watoa huduma mkononi, usilipe bado. Waandikie usiku wa Alhamisi, wakati ofisi zimefungwa, maswali manne tu. Akaunti itakuwa kwa jina la nani? Mwaka wa pili ni shilingi ngapi? Nakala zangu za akiba zinakaa wapi? Nikitaka kuhama, namba ya kuhamishia naipata ndani ya siku ngapi? Kisha uangalie atakayejibu, saa ngapi, na kama amejibu ulichouliza. Yule atakayekutumia tena orodha ya vifurushi vyake na alama za moto pembeni, mwache huko huko.